Skrini Mbili za Mawifi

Watu husema mawifi hawapikiki chungu kimoja, lakini Macho na Kasi waliwaumbua wasemaji kwa miaka. Kasi aliolewa na kaka yake Macho, na kabla zawadi za harusi hazijafunguliwa zote, wawili hao walikuwa wameshafungua ukumbi wa michezo ya kompyuta: chumba kirefu chenye viti vya kuzunguka, feni za ukutani na zulia lililochoshwa na visigino. Walikuwa chanda na pete. Macho aliitwa hivyo kwa kuwa hakuna kasoro ya picha iliyompita. Kasi naye, mchezo ukikwama kidogo tu, alishikwa na homa.

Kilichowagombanisha ni kadi za picha, vile vifaa vya ndani ya kompyuta vinavyochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Za zamani zilikuwa zimechoka, michezo mipya inazilemea, na ilibidi zibadilishwe zote kwa mpigo. Siku hizi kadi haihangaiki kuchora picha kubwa. Inachora ndogo, halafu programu inaikuza ijae skrini, ikibahatisha vidoti vilivyokosekana. Sasa wabahatishaji hao, yaani programu za kukuza picha, wako wa aina mbili, na kila kampuni ya kadi inaapa kwamba wake ndiye bingwa. Mmoja amesomeshwa kwa picha chungu nzima na hufanya kazi kwenye kadi za kwao tu. Huyo ndiye kipenzi cha Macho. Mwingine hana maringo, anakubali karibu kadi yoyote, na Kasi alimtetea kama mtoto wa kumzaa.

Ulimi hauna mfupa. Siku moja Macho alisema picha anazozipenda wifi yake zinamfaa mtu aliyefumba jicho moja. Kasi akajibu kuwa za Macho ni nzuri sana, mradi zisisogee. Maneno yakazaa maneno, mpaka Kasi akatamka kwamba ukumbi wa mtaa wa pili unamwita siku nyingi, na kama hapa neno lake halina uzito, basi ataitika. Macho alicheka kwa kiburi, ila moyoni alishtuka. Ukumbi bila Kasi ungebaki chumba chenye mashine tu. Lakini kumwomba abaki, hilo lilimshinda.

Kaka mtu, mume huku na ndugu kule, alishachoka kula chakula cha jioni katikati ya watu wasiosemezana. Akapendekeza mtihani: mashine mbili nyuma ya pazia kama siku za mashindano, kila moja na kadi yake ya kuazima, skrini mbili mbele, na mbio zilezile za magari msituni zinazojiendesha zenyewe. Wateja wangepiga kura, na atakayeshindwa angekubali. Alitaka wasijue ipi ni ya nani, lakini mawifi wote wawili walikataa kata kata. Kila mmoja alitaka ushindi wake uonekane. Macho akafunga nyaya, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake siku zote, na ikatangazwa kuwa skrini ya kulia ni yake, ya kushoto ni ya Kasi.

Magari yalipoondoka, Macho hakukaa kitini. Aliwaonyesha watu majani ya miti upande wake, akasema mtu anaweza kuyahesabu, kisha akawaambia wageuke kushoto waone uji. Kasi akasema kushoto kunateleza kama maji, huku kulia gari lina kigugumizi. Mwalimu wa hesabu, mteja wa tangu zamani, aliona kabisa kivuli kikijiburuta nyuma ya gari la kushoto. Dereva wa lori akaapa kuwa skrini ya kulia inamuumiza macho. Kura zilipohesabiwa, kulia kulikuwa kumeshinda.

Kasi hakubisha. "Haya, wifi, umeshinda kihalali," alisema, akatia mkoba begani. "Acha nikawasikilize wale wa mtaa wa pili."

Macho hakusubiri kupongezwa. Akajipenyeza nyuma ya pazia, eti anakwenda kuzima mashine, kumbe machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Huko ndiko alikokiona kigawanyo. Ni kisanduku walichokitumia siku za mashindano kuchukua picha ya mashine moja na kuipeleka kwenye skrini mbili, ili watazamaji wa pande zote waone. Mazoea yana taabu. Mikono yake ilikuwa imechomeka nyaya za skrini zote mbili humo humo. Mashine moja ilikuwa imelisha ukumbi mzima, na nyingine imekimbia msitu wote bila kuonwa na mtu. Akaufuata waya kwa kidole ajue iliyoonwa ni ipi. Ilikuwa ya Kasi.

Basi yale majani aliyoyasifu yalikuwa ya Kasi, na ule uji alioutukana nao ulikuwa wa Kasi. Angenyamaza, nani angejua? Kaka yake hakujua tofauti ya waya na kamba ya kiatu. Lakini kicheko kilikuwa kimeshampanda kifuani, na pamoja nacho furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyepewa nafasi ya kushindwa. Akalivuta pazia lote pembeni.

"Wifi, njoo uone ujinga wangu," alisema. "Skrini zote mbili zilikuwa zako. Nunua kadi unazotaka. Mimi nataka wewe ubaki."

Kasi aliinama, akaufuata waya mwanzo mpaka mwisho. "Yaani hata ile yenye kigugumizi ni yangu?" aliuliza, na hapo mbavu zikawavunjika wote wawili, wakashikiliana wasianguke. Mwalimu wa hesabu alijitetea kuwa kivuli alikiona. Dereva wa lori alisema macho bado yanamuuma.

Kasi aliushusha mkoba, akakaa kwenye kiti cha mbele kabisa. Kisha akamwambia mumewe aunganishe ile mashine ya pili, maana katika ugomvi wote huo hakuwahi kuitazama vizuri hata mara moja, na alitaka ajue wifi yake alikuwa anaililia nini.