Maziwa ya Kuosha Kifua

Kijiji kizima cha Endasak kinajua kwamba maziwa huosha kifua. Ukishinda kwenye vumbi, kunywa maziwa, vumbi lote litateremka. Ndiyo maana Yoakimu, mwenye mashine ya kupukuchua mahindi, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, kila jioni huwapa vibarua wake kikombe kimoja kimoja kabla ya kuwapimia ujira wao wa mahindi.

Wanaume hushika mashine na kubeba magunia. Wanawake hukaa nyuma yake, kule inakotema makapi, wakikusanya na kupepeta, kitenge kimefungwa puani. Fransiska alikuwa pale tangu tope la mlimani lilipofukia shamba lake, na ubavuni kwake alikuwa Loveness, binti yake wa pekee. Misimu miwili sasa Fransiska hakuwahi kuonja maziwa yake. Aliyamimina yote kwenye kikombe cha binti.

"Mama, na wewe je?"

"Changu ni kifua kizee, kitaoshwa nini? Kunywa."

Fransiska mwenyewe alikohoa mpaka mbavu zikamuuma, na alifurahi. Naam, alifurahi! Alijiambia kwamba kila kikohozi kilichompata yeye kilikuwa kimempita mwanawe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kisha Loveness akaanza kubanwa kifua. Kilima cha kwenda kisimani, alichokuwa akikipanda huku anaimba, sasa alikipanda kwa kusimama mara tatu. Fransiska akampeleka zahanati, makohozi yakapimwa.

Siku ya majibu, Loveness akiwa kando ya mama yake, daktari, binti mdogo tu, alimwamkia Fransiska shikamoo kwanza.

"Si TB, mama."

"Mungu ni mwema!"

"Afadhali ingekuwa TB, ningempa dozi akapona. Hili ni vumbi la mahindi. Hii dawa ya kuvuta itamtuliza tu. Aiache ile kazi."

"Tutakula nini, daktari?"

Daktari alimkabidhi ile dawa. Ukutani nyuma yake palikuwa na tangazo: kinga ni bora kuliko tiba.

"Lakini nilimkinga," Fransiska alisema. "Nilimpa maziwa. Yake na yangu, kila siku!"

"Maziwa yanaenda tumboni, mama. Vumbi linaenda kwenye mapafu. Hayakutani."

Jumatatu mashine iliunguruma kama kawaida, na mama na binti walikuwa nyuma yake. Jioni Yoakimu akagawa vikombe. Fransiska alikishika chake kwa mikono miwili, moyo unamuuma kwa hasira asiyojua ampe nani. Pembeni Loveness aliinama, akakohoa, akaegemea gunia. Ile dawa alikuwa ameshaivuta; hakukuwa na kitu kingine cha kumpa. Fransiska akamimina.

Loveness, ambaye kule zahanati alisikia kila neno, aliyanywa maziwa yote, akafuta mdomo kwa kitenge.

"Asante, mama," alisema. "Nasikia kifua kinaachia."