Nywele za Mkia wa Ng'ombe

Kwa Waarusha wa siku zile, kichwa cha mtu kilitoa habari zake kabla hajafungua kinywa. Wanawake walinyoa, wazee walinyoa, watoto walinyolewa. Aliyefuga nywele ni morani peke yake, na alizifuga hasa: alizisokota nyuzi nyuzi, akazipaka udongo mwekundu na mafuta ya kondoo, akazilaza mgongoni, kisha akatembea shingo imenyooka ili kila mwenye macho azione. Morani mwenye kipara alikuwa kitu kisichokuwapo duniani. Na hicho ndicho Lemburis alichokuwa asubuhi ile alipopenya migombani na kuingia nyumbani kwa mama yake, kitambaa kichwani, akinyata kwenye boma alilozaliwa.

Alikuwa ameaga kwa kishindo. Alisema anakwenda upande wa Monduli kununua mitamba, na alilisema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto, maana jambo lisilosikiwa na watu halikuwa na maana kwake. Hakufika mbali. Askari wa Mjerumani walimkuta njiani, wakamuuliza kwa nini hakutokea kwenye kazi ya barabara. Angejibu kwa maneno mawili pengine wangemwacha. Lakini Lemburis alianza na jina la babu yake, akapitia vita alivyopigana babu huyo, na kabla hajamfikia baba yake alikuwa na mnyororo shingoni pamoja na watu asiowajua, safari ya Usa River kubeba mawe ya daraja. Siku ile ile wakamnyoa. Nywele alizozilea tangu alipotoka jandoni zilifagiwa pamoja na maganda ya ndizi. Daraja lilipokwisha wakamwachia, kichwa kikiwa kimenyolewa upya.

Mama yake, Nosim, alikuwa mjane mwenye ulimi usiokuwa na simile. Alimwondolea kitambaa, akakizunguka kile kichwa chote, akaketi.

"Mitamba iko wapi?" akauliza.

Lemburis akamweleza yote. Si yote kabisa. Alimweleza mnyororo, mawe na kipande cha chupa kilichotumika kumnyolea. Lakini kabla ya chupa kulikuwa na jambo jingine, dogo, lililomuuma kuliko mnyororo, na hilo alilimeza. Alisema tu kwamba hawezi kutoka nje. Sherehe ya rika lake ilikuwa inakaribia, ile ambayo kila mama humnyoa mwanawe hadharani ili aache umorani na kuingia uzeeni, na baada yake ndipo watu huoa. Lemburis alikuwa amemposa Resiato. Na baba yake Resiato alikuwa Saning'o.

Huyu Saning'o inafaa aelezwe. Alikuwa mzee mnene wa maneno, na neno lake kuu lilikuwa kwamba yeye hajawahi kuinamia amri ya Mjerumani wala hatainamia. Walipoitwa watu kujenga boma la mjini, alikuwa mgonjwa. Walipoitwa kwenye barabara, alikuwa amekwenda kwa Wameru kutibiwa mgongo. Alikaa huko kiangazi kizima, akarudi amekonda, mgongo ukiwa mbaya kuliko alivyokwenda nao, na akawasifu waganga wa Kimeru bila kuchoka. Alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba binti yake haendi kwa mwanamume ambaye askari amemgusa kichwa. Watu walimheshimu sana kwa msimamo huo, hasa wale waliokuwa wamebeba mawe.

Basi ikatangazwa kwamba Lemburis amerudi na homa, haonekani. Nosim akafunga mlango na kuanza kazi. Alichukua usinga wa marehemu mumewe, ule wa mkia wa ng'ombe mweusi ambao mzee aliushika barazani kwa heshima na kufukuzia nzi, akaukata kwenye mpini. Akamwambia mwanawe aangalie vizuri, maana huo ndio ungekuwa urithi wake siku akiwa mzee, na sasa atafukuza nzi kwa kiganja. Akazichanganya singa zile na nyuzi laini za magome, akazisokotea pajani na mafuta na udongo mwekundu, moja moja. Kwa chini alikata kofia ya tumbo la mbuzi, aina ile ambayo morani huvaa mvua ikinyesha wasiloe nywele, akaikwangua mpaka ikawa nyembamba, akaishonea nyuzi zake humo.

Kutengeneza haikuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa kuzifanya zionekane zimeota. Nosim alijua nywele za watu, kwa kuwa alikuwa amewasokota kaka zake watatu enzi za ujana wao. Alisema ukingo wa mbele usinyooke, bali uingie na kutoka, na juu yake upakwe udongo mzito mpaka kwenye paji ili mshono usionekane. Alisema nyuzi zisilingane, zingine zikatike. Alisema upande wa kulia juu ya sikio waache pengo dogo, pale ambapo Lemburis aliungua utotoni na nywele zikawa chache tangu hapo. Kisha akazitundika juu ya moshi wa jiko zipoteze harufu ya ng'ombe.

"Na ujikune," akamwambia. "Nywele za kweli zinawasha. Mtu asiyejikuna kichwa watu watamshangaa."

Sasa mtu mwenye akili angemshukuru mama yake na kunyamaza. Lemburis alijitazama kwenye maji ya beseni la mti, akageuza shingo huku na huku, akasema zimekuwa fupi. Nosim akamwambia ndivyo zilivyokuwa. Lemburis akasema zilikuwa ndefu zaidi, yeye mwenyewe anakumbuka. Pengo la juu ya sikio pia hakulitaka. Kama mtu anapata nywele upya, kwa nini arudishe na kasoro? Nosim alimwangalia kwa muda. Alikuwa amechoka, vidole vimechubuka, na mumewe hakuwa na usinga wa pili. Lakini alikuwa na mwana mmoja tu. Akaenda kuomba mkia kwa jirani aliyechinja, akasokota tena, akaongeza mpaka nyuzi zikagusa kiuno.

Lemburis akapona homa yake na kutoka nje, na kijiji kikasimama. Wenzake walimzunguka wakimuuliza anapaka nini. Akawaambia ni majani fulani ya huko Monduli, kisha akaona haitoshi, akaongeza kwamba ni lazima yachumwe na mtu asiyekuwa na hofu. Bahati yake, alikuwa mtu mzima. Watoto ndio huinamisha vichwa waguswe na wakubwa wakiamkiana. Kwenye ngoma aliogopa kuruka juu asije akatua bila nywele, basi akawa anainuka kidogo tu kwa visigino, uso umetulia. Wenzake walipaa na kutoa jasho. Wasichana wakasema Lemburis amekuwa na utulivu wa kiutu uzima. Jasho lilipomtiririka chini ya lile tumbo la mbuzi na kichwa kikamwasha mpaka machozi yakamtoka, alikumbuka neno la mama yake, akainua mkono ajikune. Akakuta anakuna tumbo la mbuzi. Akaendelea kulikuna.

Hapo ndipo majivuno yake yalipomfikisha. Kila rika lilichagua mtu wake wa kutangulia, asiye na kovu wala kasoro mwilini, na huyo ndiye aliyenyolewa kwanza, katikati ya uwanja, macho ya watu wote yakiwa kwake. Wengine walikuwa wananyolewa kwa pamoja, kila mmoja na mama yake, katika vumbi na vilio, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Angekuwa na nywele zake fupi na pengo lake juu ya sikio, Lemburis angepita katika lile kundi na hadithi ingeishia hapo. Wazee walikaa, wakajadiliana, wakamtaja yeye. Hana kovu, walisema. Na nywele zake, mmeziona?

Lemburis alikimbilia kwa mama yake.

"Yeyo," akasema, kwani ndivyo walivyoita mama, "sema unaumwa."

"Mimi siumwi," Nosim akasema. "Nitakunyoa. Utulie tu, usijitikise, na uombe upepo usivume."

Siku yenyewe Mlima Meru ulikuwa wazi toka asubuhi, hakuna hata wingu la kumsaidia mtu. Lemburis aliketi kwenye ngozi ya ng'ombe katikati ya uwanja. Watu walikaa mbali kidogo kwa heshima, akina mama mbele. Nosim alipiga magoti nyuma yake na wembe. Na mzee aliyechaguliwa kumimina maziwa na maji kichwani na kumbariki alikuwa Saning'o. Alisogea na kibuyu, usinga wake mwenyewe kwapani, akamwaga.

Maziwa yakitiwa kwenye nywele za mtu huzama, huchelewa, kisha huteremka polepole usoni. Haya hayakuzama. Yalitelezea juu ya tumbo la mbuzi yakashuka yote kwa mkupuo mmoja nyuma ya masikio na kumwagikia shingoni. Saning'o akasimamisha kibuyu. Akainama karibu, kama mzee anayetaka kuomba dua ya siri, akaingiza ukucha chini ya ukingo wa paji la Lemburis na kuunyanyua kidogo tu. Akauona. Lemburis alimsikia akivuta pumzi kwa furaha.

Saning'o angeweza kupiga kelele palepale. Lakini alikuwa mtu wa kufaidi kitu. Alitaka kwanza kukila peke yake, taratibu, kabla ya kuwagawia wengine. Akanong'ona kwamba hongera, majani ya Monduli yana mkia. Akanong'ona kwamba Resiato ataolewa mwezi ujao na mtu mwingine, na kwamba baada ya dakika hii watoto wachunga mbuzi watakuwa wanaimba jina la Lemburis hadi Usa River. Nosim aliyasikia yote na wembe ukatulia mkononi mwake. Lemburis aliona uwanja wote ukienda mbali naye. Alimfikiria Resiato, akaona aibu.

Saning'o akaongeza moja, kwa kuwa hakujua kuacha.

"Na yule askari kibogoyo," akanong'ona, "bado anatema mate utosini kabla ya kunyoa?"

Lile ndilo jambo Lemburis alilolimeza. Kwao mate ni baraka: mzee humtemea kijana kifuani au kichwani anapomtakia mema, na yule askari alilijua hilo, ndiyo maana alitema na kucheka. Lemburis hakumwambia mtu. Hakumwambia hata mama yake aliyemsokotea kichwa kizima. Kule kwenye mnyororo walijua waliotemewa tu, nao walikuwa wageni. Akaigeuza shingo taratibu, akaitazama ya Saning'o. Chini ya shanga, kwenye ngozi ya mzee, palikuwa na mstari mweusi uliokomaa, upana wa pete ya mnyororo. Akakumbuka mgongo uliotibiwa kwa Wameru kiangazi kizima. Akakitazama na kichwa cha mzee, kilichonyolewa kama vichwa vya wazee wote, kisichoweza kumshtaki mwenyewe kwa lolote.

"Bado," Lemburis akasema polepole. "Yananuka tumbaku. Au kwenye zamu yako, mzee, alikuwa hajaanza kuvuta?"

Saning'o akazipandisha shanga zake shingoni. Nosim, aliyekuwa akisikia habari ya mate kwa mara ya kwanza, alimtazama mwanawe kisogoni, halafu akamtazama mzee. Watu kwa mbali walikuwa wakisubiri. Mmoja akauliza kuna nini.

Saning'o akainuka. Akaweka kibuyu chini, akafungua shuka yake kubwa, akaitandaza kwa mikono yote miwili mbele ya Lemburis mithili ya pazia.

"Upepo," akatangaza. "Vumbi lisiingie kwenye maziwa. Rudini nyuma kidogo."

Hapakuwa na upepo, lakini mzee amesema, watu wakarudi. Nyuma ya shuka Nosim akaing'oa kofia kwa mkono mmoja, akazikata nyuzi chache na kuzitupa juu ya ngozi ya ng'ombe zionekane, iliyobaki akaikalia. Kisha akanyoa vinywele vifupi vya kweli vilivyoanza kuota, na hapo machozi yakamtoka, maana hivyo vilikuwa vya mwanawe. Saning'o alipoteremsha shuka, Lemburis alikuwa anang'aa. Mzee akainama, akamtemea mate utosini, kwa baraka. Mkono wake akauweka juu ya sikio la kulia, ukafunika pale alipoungua. Watu wakaimba.

Resiato aliolewa bila maneno mengi. Wengine walishangaa jinsi Saning'o alivyolainika kwa mkwe huyu.

Miaka ikaenda. Lemburis akawa mzee wa baraza, na barazani kila mzee alikuja na usinga wake mweusi. Yeye alikuja na wekundu. Nosim hakuwa mtu wa kutupa mali. Alizifumua zile nywele zote, akazifunga tena kwenye mpini wa marehemu, na udongo haukutoka hata alipozifua mtoni. Vijana walipomuuliza, Lemburis aliwaambia ni mkia wa ng'ombe mwekundu aliyemnyang'anya askari wa Mjerumani, kwa mikono mitupu, siku walipotaka kumtia mnyororo wakashindwa.

"Muulizeni baba mkwe wangu," alikuwa akisema.

Na Saning'o, shanga zimepanda mpaka kidevuni, aliwaambia ni kweli tupu, ng'ombe huyo alimwona mwenyewe, siku anarudi kutoka kwa Wameru.