Mbunge wa Mlangoni

Jumapili moja, baada ya sala ya alasiri, wanaume wa ukoo walikaa kitako katika sabla yao, ukumbi wa baraza la ukoo, mjini Ibra, Omani, migongo ukutani, na kahawa ikaanza kupita. Mmiminaji alishika dele la kahawa mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia. Alianzia kwa Sheikh Qais, kule juu wanakokaa wakubwa, akazunguka ukumbi mzima, akamalizia mlangoni.

Mlangoni alikaa Adham bin Nadhir. Alikuwa akikaa hapo tangu alipokuja na wazazi wake kutoka Kigoma, kidevu chake hakijaota kitu. Sasa ndevu zilikuwa nyeupe na serikali ilikwishamstaafisha. Pale sabla walimwita Zinjibari, ingawa Unguja hajapata kuikanyaga. Kwao, kila aliyerudi kutoka Afrika alitoka Unguja.

Siku hiyo walizungumzia falaji, mfereji wa kale uliolisha mashamba yao. Maji yalikuwa yamepungua, na Sheikh Qais alitaka lizibwe tawi linaloingia kwenye bustani za waliorudi. Mwisho wa tawi hilo palikuwa na mlimau wa Bi Radhia, mama yake Adham, alioupanda mwaka waliofika. Asubuhi ile alimwambia mwanawe, "Leo useme, baba. Mti ule ukifa, na mimi nimekwisha."

Adham akasema. Alianza kwa kujitaja, maana kila mara alilazimika kuwakumbusha.

"Mimi Adham bin Nadhir. Sheikh, kwa idhini yako. Tawi lile tulilikuta limejaa mchanga, tukalizibua kwa mikono yetu. Lina haki kama matawi mengine."

Hakuna aliyegeuza shingo, ila Laith, mpwa wa Sheikh.

"Ya Zinjibari, kunywa kahawa yako, itapoa."

"Imeshapoa," akasema Adham.

Wakacheka. Sheikh Qais akasema khalas, tumekubaliana.

Maneno ya Adham, kwa kuwa hayakupata sikio mle ndani, yalitoka mlangoni. Yalipita juu ya ndara za watu, yakavuka uwanja wa magari, yakashika njia ya kaskazini. Adham aliyaona yakienda, akamaliza kahawa yake.

Jua lilikuwa bado juu yalipofika katika nchi moja ndogo sana ya Ulaya, iliyo mlimani, ambayo mtu akipiga chafya mpaka huu huombewa rehema mpaka ule. Watu walikuwa kwenye foleni wakichagua wabunge. Vyama vyote viwili vilikubaliana kuifunga chemchemi ya mtaa wa chini, mtaa wa wahamiaji, ili hoteli ipate bwawa. Foleni nzima ikasikia sauti ya mzee ikisema kwa Kiswahili cha Kigoma. Waliielewa, kwa kuwa ilihusu maji. Wakaingia mmoja mmoja, wakaandika jina lake kwa kalamu chini ya majina yaliyochapwa.

Baada ya magharibi, televisheni ya sabla, ambayo haizimwi wala haisikilizwi, ilitangaza kwamba Adham bin Nadhir wa Ibra amewabwaga wagombea wa vyama vyote viwili.

"Mashaallah," akasema Sheikh Qais, akaomba rimoti atazame mpira.

Adham akarudi nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umewaambia?"

"Nimewaambia. Hawakusikia. Lakini nimechaguliwa mbunge Ulaya."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Radhia. "Na maji?"

Siku ya kikao cha kwanza mafundi walikuja kuziba tawi kwa saruji. Adham alisimama chini ya mlimau, akawapa mgongo, akahutubia bunge lake. Hakuhitaji kipaza sauti wala mkalimani. Alisema kwa kifua chote, kama mtu aliyeyabana maneno tangu utotoni, na alipofika mwisho akatia beti:

*Maji hayana kabila, hayaulizi ujio;
ukiyaziba kwa hila, hutafuta kimbilio.*

Kule mlimani wabunge walisimama, walioshindwa na walioshinda. Sheria ikapita bila mtu hata mmoja kuipinga: chemchemi haifungwi kwa sababu ya mahali alipozaliwa mnywaji. Kengele zikapigwa nchi nzima, na watu wa mtaa wa chini wakamiminika na ndoo, wakirushiana maji na kuliimba jina la Adham. Kengele hizo zilisikika Ibra. Fundi mmoja aliinua kichwa, akauliza kama shule imetoka, akaendelea kulainisha saruji.

Kesho yake maji yalibubujika kwenye shina la mlimau, baridi kama ya friji, yamebeba majani ya mti usioota Omani. Bi Radhia aliyaonja.

"Haya si ya hapa," akasema. Akatumbukiza tikiti maji lipoe.

Mlimau ukachanua. Maji yale yalikuwa matamu, na habari ikafika sabla. Sheikh Qais akatuma madumu mawili yajazwe. Akasema kahawa ya maji hayo haina mfano. Saruji ilibaki pale pale.

Bunge la mlimani, kwa heshima ya mbunge wao, lilipitisha kanuni mpya. Linakutana kila Jumapili, saa za sabla, na kikao hakifunguliwi mpaka Adham atikise kikombe, kama mtu wa Ibra anavyotikisa kuonyesha ametosheka.

Kwa hiyo kila Jumapili kahawa inaanzia kwa Sheikh Qais, inazunguka ukumbi mzima, na huko Ulaya wabunge wamesimama, na mawaziri, na mabalozi wa nchi kubwa, wanasubiri. Kahawa inafika mlangoni imepoa. Adham hana haraka. Anakunywa cha kwanza, anaongeza cha pili, anaongeza cha tatu.

"Ya Zinjibari," anasema Laith, "unakawia na kahawa kama bwana harusi!"

Adham anatikisa kikombe. Nchi nzima inaketi.