Benchi ya Bassiano Ghirardi

Kila asubuhi kengele za kanisa la San Luca zilipolia, mzee Bassiano Ghirardi alivaa kofia, akashika fimbo yake, akaenda misani. Hapo ndipo kazi ya pili ya binti yake ilipoanza. Pellegrina aliacha vyombo vichafu jikoni, akakaa kwenye benchi ya kazi ya baba yake, fundi wa kuunda fidla, akaanza kutengeneza kile ambacho mzee alikuwa amekiharibu jana yake.

Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, na mikono ilimtetemeka. Ubao wa mbele wa fidla, ambao hupunguzwa unene kidogo kidogo kuelekea pembeni, yeye aliuacha mnene huku na kuukwangua mno kule. Pellegrina aliupapasa kwa vidole, akaukwangua, akaulainisha. Ulioharibika kabisa aliutia motoni, akachonga mwingine unaofanana nao. Kisha alifagia maranda, akapanga patasi kama zilivyokuwa, akaenda kusonga ugali wa mahindi.

Mzee akirudi alishikashika kazi yake na kusema, "Jana sikufanya vibaya."

"Hukufanya vibaya, Baba."

Ndivyo walivyoishi tangu mama yake afariki. Siku nyingine Pellegrina alisinzia akiwa amesimama, mwiko mkononi.

Kisha padri Evasio, aliyependa fidla kuliko kuhubiri, akaja kuchukua ile aliyoagiza. Akaipiga palepale karakanani. "Mzee Bassiano," akasema, "wewe unazeeka kinyumenyume. Hii imezishinda hata zile za ujana wako."

Mzee aliisimulia sifa hiyo mtaa mzima, mpaka fundi viatu wa jirani akawa anajifanya hayupo kila akimwona anakuja.

Majira ya ukungu yakaingia. Asubuhi moja padri alikuwa na homa na misa haikusomwa, kwa hiyo mzee aliishia mlangoni mwa kanisa, akarudi nyumbani. Pellegrina, kwa kelele za kukwangua, hakumsikia akiingia.

"Nani huyo kwenye benchi yangu?"

"Ni mimi, Baba."

"Unafanya nini hapo?"

Angeweza kusema anafagia. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ila alikuwa amechoka mno hata kuutamka. "Nakwangua ubao wako. Upande wa kushoto uliuacha mnene."

Mzee akasimama mlangoni, ukungu ukimpita kuingia ndani. "Na ile ya padri?"

"Ubao wako ulitoboka. Nikachonga mwingine."

"Na kichwa cha fidla?"

"Hicho pia."

"Sasa mimi nilifanya nini?"

"Ulipaka gundi, Baba." Alitaka kumfariji. Maneno yalipokwisha kutoka ndipo akasikia jinsi yalivyochoma.

Mzee akapanda ngazi, akalala akiutazama ukuta. Chakula kilipelekwa, kikarudi kama kilivyokwenda. Aliposhuka hatimaye, ndevu zimemjaa, alijikalisha kwenye kigoda karibu na jiko.

"Ungeniambia."

"Ungeacha?"

"Nisingeacha. Ningekufukuza humu."

"Ndiyo maana sikusema."

Mzee akasugua macho. "Kila jioni nilikuwa naomba mikono itulie, nisije nikakuaibisha. Nimechoka, mwanangu."

"Na mimi nimechoka, Baba."

Walikaa hivyo mpaka moto ukafifia. Kisha mzee akaomba mwiko.

Ugali wake ulikuwa na mabonge. Pellegrina aliposema hivyo alijibiwa, "Tafuna. Meno unayo wewe." Lakini mzee alianza kulala hadi jua linapochomoza, jambo ambalo binti yake hakuwahi kuliona. Siku moja akatoka na fimbo yake, akamwambia padri Evasio waziwazi kuwa fidla ile ni ya Pellegrina. Padri hakuomba kurudishiwa fedha zake. Alileta fidla kubwa ya besi ya kanisa, imepasuka mgongo mzima, akamwachia Pellegrina pamoja na nyingine za marafiki zake.

Kwa hiyo kazi haikupungua, iliongezeka. Tena benchi ilikuwa na upweke. Mara kwa mara aliinua kichwa kutafuta kikohozi cha baba yake, alichozoea kukisikia kutoka hapo yeye akiwa jikoni. Tofauti ni kwamba sasa hakuwa na cha kuficha kengele zikilia. Mchana mmoja alijilaza juu ya maranda, apumzike kidogo tu, akapitiwa na usingizi.

Mtu akabisha mlango. Kwa mbali Pellegrina akamsikia mzee akiburuta miguu kwenda kufungua.

"Fundi amelala," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Rudi kesho."