Kokuberwa Aondoka Harusini

Kokuberwa, fundi cherehani wa Igogo, alipoambiwa valvu ya moyo wake inavuja, alimkatiza daktari.

"Samahani, dokta. Inavuja kwenda wapi?"

Daktari akamgeuzia skrini. Valvu ni kama mlango, alimweleza, na wake haukufunga sawasawa. Kila moyo ulipopiga, damu kidogo ilirudi ilikotoka, ikabidi isukumwe upya. Angemeza dawa, angepunguza chumvi, angerudi kupimwa. Akivimba miguu, au akikosa pumzi akilala, asikae nyumbani.

Aliyashika yote. Hata alipokwenda kung'oa jino, alianza kwa kumweleza daktari wa meno habari ya moyo wake.

Mwaka jana alikwenda Misungwi na mumewe, Luhende, ambaye dada yake alikuwa anaolewa. Asubuhi ya harusi viatu vilimkataa Kokuberwa. Usiku alikuwa amelala ameegemea ukuta, maana kila alipojinyoosha pumzi ilikata.

"Si ajabu ni mimba," shangazi mmoja akasema, akicheka. "Subiri basi bibi harusi atoke."

Luhende alisimama na tai yake mkononi, hajui la kufanya.

"Wewe baki na dada yako," Kokuberwa akamwambia kwa upole. "Mimi naenda hospitali sasa hivi. Maji yanajaa mwilini. Jioni ni mbali."

Mama mkwe, Paskazia, alikuwa ameshavaa kitenge chake kipya. Kokuberwa akampigia goti.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, naharibu shughuli."

"Marahaba, mwanangu. Unaharibu nini? Ngoja nichukue mkoba."

Wakaondoka wawili, ngoma zikianza kulia uani.

Hospitali, Kokuberwa alimtajia muuguzi ugonjwa wake, dawa zake na dalili zilipoanza, akipumzika kila baada ya maneno machache. Akachomwa sindano ya kutoa maji. Kufika alasiri alikuwa anavuta pumzi vizuri. Daktari alisema amewahi. Dozi ingeongezwa, na huenda siku moja valvu ingehitaji kurekebishwa kwa upasuaji.

"Ikifika siku hiyo, nitakuja," Kokuberwa akajibu.

Luhende aliingia mbio, suti imejaa vumbi. Mama yake akainua kidole kumnyamazisha, kwa kuwa mgonjwa alikuwa amesinzia.

"Wote tulikuwa tunatazama harusi," Paskazia akanong'ona. "Yeye peke yake ndiye aliyejua la kufanya. Mtunze sana huyu."

Luhende akavuta kiti, akaketi karibu na miguu ya mkewe.