Chumvi ya Mama Jolie

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, pale mtaa wa Highview, Columbus, Nzigire alipakia garini sufuria, unga wa muhogo, sabuni ya mtoto na pakiti ya chumvi. Binti yake Jolie alikuwa amejifungua huko Buffalo, na mtoto wa kwanza huogeshwa na mama mzaa mama. Ndivyo ilivyo.

Chumvi aliibeba kwa sababu mkwewe Ombeni, mume wa Jolie, ni mtu wa Mlima wa Chini, naye Nzigire ni wa Mlima wa Juu. Enzi za Wabelgiji, watu wa Chini walipewa chumvi waigawe, na mtu wa Juu hakupata hata punje mpaka achimbe barabara. Wa Juu wakaapa: hatuli chumvi yao, hatununui kwao, hatupiti njia yao. Kiapo kikapita kambi ya wakimbizi, kikafika Amerika. Mwaka jana wazee walikifungua kanisani Columbus, na tangu hapo magari ya Buffalo hayalali: sambaza kavu, wale samaki wadogo, kwenda, vitenge kurudi. Anayechuma kuliko wote ni Généreuse, mama yake Ombeni, jirani hapo hapo Highview. Kila wiki yuko Buffalo. Kila wiki anamwogesha mtoto. Nzigire akisikia gari lile likiwaka, hufunga dirisha.

Aliendesha kwa muda wa saa tatu na nusu. Akapita kibao cha Gahanna, kitongoji cha Columbus, akaona ndege zikishuka uwanjani, akakata kona, na mbele yake lilikuwepo duka la kufulia nguo la Highview, kisha mlango wake mwenyewe. Ilikuwa mara ya tatu njia kumrudisha. Akazima gari, akashusha sufuria.

Généreuse alikuwa akipakia samaki. "Mama Jolie, barabara imekurudisha tena?"

"Imenirudisha."

"Donc, basi umebeba chumvi, bado umeshika kiapo. Mama Patricia, wa Juu kama wewe, naye ilimurudisha mpaka akaiacha chumvi yake. Iache, mama! Kule tuko na chumvi."

"Yenu."

"Yetu wapi? Ni ya supermarché!" Généreuse akacheka mpaka akashika mlango wa gari.

Jumamosi iliyofuata Nzigire aliiacha pakiti mezani. Lakini, akina mama, wivu una mikono yake: alifunga chumvi kidogo kwenye ncha ya kitenge. Alipopita Gahanna, akaliona tena duka la kufulia la Highview.

Jolie akapiga simu. "Mama, unakuya lini? Mutoto ameanza kucheka."

"Njia ni mbaya."

Jumapili jioni Généreuse alirudi kutoka Buffalo, akaleta salamu. Blauzi yake ilinuka maziwa na poda ya mtoto. Nzigire akampa kiti cha karibu, akaivuta ile harufu. Kisha akaingia jikoni. Fundo la chumvi kwenye kitenge lilikuwa limelegea. Akalikaza.