Kinyozi na Malkia Mdogo

Alikuwepo kinyozi aliyekuwa na maneno mengi kuliko nywele alizokata. Wateja walimpa jina la Redio, naye hakulichukia, maana redio husikilizwa. Ukishakaa kwenye kiti chake na shuka likafungwa shingoni, utapata habari za mtaa mzima, utake usitake. Utabisha vipi, na kichwa kiko mikononi mwake?

Muhula ule habari yake ilikuwa moja tu. Shule ya msingi iliyo nyuma ya duka lake ilikuwa ikiandaa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, na binti yake wa darasa la tano alikuwamo. Kila jioni mtoto huyo aliosha vyombo huku akiimba wimbo wa malkia aliyepotelewa na taji. Aliuimba mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka hata neno. Redio alisikiliza akiwa mlangoni, akajumlisha mwenyewe, akapata jibu.

"Malkia ni wangu," akawatangazia wateja. "Msije mkaambiwa na watu."

Binti alijaribu kumsahihisha. Siku moja alipita dukani kuchukua ufunguo wa nyumba, akakuta maneno ya baba yake yamepamba moto.

"Baba, mimi si malkia," alisema. "Mimi ninakumbusha."

"Mnamsikia?" Redio akawageukia waliokaa kwenye benchi. "Anawakumbusha wenzake. Sasa kama si malkia, nani mwingine wa kuwakumbusha?"

Watu wakacheka. Mtoto akatazama nywele zilizotapakaa sakafuni, akachukua ufunguo wake, akaenda zake. Hakurudia tena kusema.

Mchana wa mchezo Redio alifunga duka. Alivaa shati la harusini, akaongozana na fundi viatu, dereva wa lori na wateja wengine wawili watatu, wakakaa safu ya mbele kabisa. Mke wake alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akajibana pembeni yake. Ukumbi ulikuwa ni madarasa mawili yaliyoondolewa ukuta wa mbao katikati, na pazia lilikuwa mashuka yaliyoungwa. Mwalimu wa muziki alikaa kwenye kinanda, mgongo wake kwa watu.

Pazia likafunguliwa. Walinzi waliovaa maboksi wakapiga hatua, mmoja akakanyaga kamba ya kiatu chake, watu wakafurahi. Kisha malkia akatoka. Alikuwa kitoto chembamba, taji la karatasi limemlalia sikio. Redio alimfahamu. Alikuwa binti wa mwenye bucha.

Akasubiri. Labda huyu alikuwa mjakazi aliyejaribu taji la watu. Lakini kinanda kikaingia na wimbo aliouzoea, mtoto akafungua kinywa, na Redio akajikuta amesimama.

"Samahani, Mwalimu," alisema, kwa sauti ile aliyozoea kushindana nayo na mashine ya kunyolea. "Hapa pana makosa. Malkia ni binti yangu. Wimbo wote anao kichwani. Huyu katoka wapi?"

Kinanda kikanyamaza.

"Kaa chini, baba watoto," mke wake akamnong'oneza, akivuta shati.

"Nikae vipi? Mtoto kasumbuka muhula mzima."

Ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Ndipo nyuma ya mashuka ikasikika sauti ndogo, ya upole, ikimsemesha yule mtoto jukwaani. "Endelea, nipo hapa. 'Taji langu, nani kaliona.' Haya, sema. 'Taji langu...'"

Redio aliijua sauti hiyo. Na hapo hapo akaelewa kukumbusha ni kazi gani.

Malkia mdogo alitikisa kichwa. Midomo ikamtetemeka, machozi yakamwagika, akakimbilia nyuma, na taji likabaki sakafuni. Huko safu za mwisho mtu akasema, wala hakuipunguza sauti, "Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata." Wachache wakacheka. Redio alihisi uso wote, na hata masikio, vinawaka.

Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alimfikia taratibu. "Mzazi, tunaomba utupishe kidogo."

Akatoka, na kila aliyempita alivuta miguu yake ndani, kama anayempisha mtu aliyebeba ndoo iliyojaa.

Alisimama nje, kwenye bomba la maji. Alitamani aende nyumbani, lakini aliona kwamba kukimbia kungekuwa aibu ya pili. Baada ya muda mrefu kinanda kilianza upya. Wimbo ulikuja kwa kusuasua, ukakatika, ukaja tena. Mwishoni watu walipiga makofi mengi mno, yale ya kumpa mtu pole.

Walipotoka, fundi viatu alipita akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mwenye bucha alitoka amemshika mtoto mkono, rangi aliyopakwa mtoto mashavuni imeteremka hadi kidevuni.

"Ndugu yangu," Redio alisema, "nimekosa. Naomba radhi."

"Usiniombe mimi," mwenye bucha alimjibu bila hasira. "Mimi sikulia."

Redio akainama amsemeshe mtoto, naye akajificha nyuma ya mguu wa baba yake. Wakaondoka.

Nyumbani binti alikuwa amekaa jikoni, bado na viatu vya shule.

"Kwa nini hukuniambia?" Redio akauliza.

"Nilikuambia. Mbele za watu."

"Mwalimu alitaka niimbe mimi," mtoto akaendelea, akizungumza na kamba za viatu vyake. "Nikamwambia sipendi kutazamwa. Napenda kukaa nyuma nishike maneno ya wote. Yule mwenzangu alikuwa anaogopa. Nikamwambia asiogope, akisahau mimi nipo." Akafungua kamba moja. "Kesho nitawatazamaje?"

Mama yake akamvuta akamkumbatia, na Redio akabaki amesimama kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Dukani alitarajia utani, na utani angeuweza. Hakuna aliyemtania. Wateja walizungumza habari za mvua, kwa upole, kama wanavyozungumza na mfiwa, na hilo lilimchoma zaidi.

Mchezo ulikuwa uonyeshwe tena, safari hii kwa wanafunzi wa shule jirani. Redio alimwendea binti yake. "Nikija kwenye mazoezi kuwaomba radhi, nitakuaibisha tena?"

Mtoto alifikiri. "Njoo. Lakini usihubiri."

Akaenda. Alisimama mbele ya watoto, mikono hajui aiweke wapi, akamtafuta malkia kwa macho. "Nilikukatiza ukiimba. Hukukosea popote. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe, mama."

Malkia mdogo alimtazama. "Siku ya mchezo utakuja?"

"Ukitaka nisije, siji."

"Usije."

Mwalimu wa muziki akataka kuingilia, labda amfundishe mtoto adabu, lakini Redio akamzuia kwa mkono. "Ameshasema, Mwalimu. Sawa."

Siku ya mchezo alibaki dukani. Hakukuwa na mteja. Alifagia sakafu iliyokuwa safi, akasikia makofi yakitokea shuleni, akafagia tena. Jioni binti aliingia, vumbi la pazia kwenye nywele, akajitupa kwenye kiti cha wateja.

"Imekuwaje?"

"Ameimba wote."

"Ulimkumbusha?"

"Mara moja tu. Hakuna aliyejua."

Redio alikuwa na maswali mia. Akayameza.

"Aliniuliza kama kweli hukuja," mtoto akasema. "Nikamwambia uko dukani."

Kinyozi akageukia rafu na kuanza kufuta vitana, kimoja kimoja, ili mtoto asimwone uso. "Vizuri," alisema.